Alama Haiokoi Mtu: Tathmini ya Hatari ya Kujiua Katika Tiba ya Akili

Katika wodi na kliniki nyingi za magonjwa ya akili duniani, faili la mgonjwa anayehofiwa kuwa anawaza kufa halifungwi mpaka liandikwe neno moja kati ya matatu: hatari ndogo, hatari ya wastani, hatari kubwa. Neno hilo huamua mengi. Aliyeandikiwa hatari kubwa hulazwa na kuwekewa mtu wa kumwangalia usiku na mchana. Aliyeandikiwa hatari ndogo hupewa dawa na tarehe ya kurudi, na mara nyingi habari yake huishia hapo. Uchambuzi huu unauliza kama neno hilo lina uzito linaopewa, na kama halina, daktari na muuguzi wafanye nini na mtu aliyeketi mbele yao.

Jambo lenyewe ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa zaidi ya watu 700,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na karibu robo tatu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Waliojaribu wakanusurika ni wengi kuliko hao, na aliyewahi kujaribu yumo hatarini zaidi ya ambaye hajawahi. Wengi hupita mikononi mwa mhudumu wa afya, iwe zahanati, chumba cha dharura au kliniki ya akili. Muda ule mfupi wa kuonwa unaweza kuyageuza maisha ya mtu. Kwa hiyo inatupasa tujue tathmini inaweza nini na haiwezi nini.

Utabiri ulipopimwa

Mwaka 1983 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Alex Pokorny, alichapisha utafiti ambao hadi leo kila anayeshughulika na suala hili hukutana nao. Aliwachunguza wanajeshi wa zamani 4,800 waliolazwa katika hospitali ya maveterani mjini Houston, akawapima kwa madodoso mengi, kisha akawafuatilia kwa miaka 4 hadi 6. Katika muda huo watu 67 walijiua. Vipimo vyake viliwatenga wagonjwa 803 kuwa ndio wenye hatari kubwa. Kati ya hao, waliojiua ni 30. Wengine 773 hawakujiua. Na 37 waliobaki, yaani zaidi ya nusu ya vifo vyote, walitoka katika kundi ambalo vipimo viliona halina la kutisha.

Tunaweza kudhani kuwa tangu wakati huo elimu imesonga mbele na vipimo vimenoleka. Havijanoleka. Mwaka 2016 Matthew Large na wenzake walikusanya tafiti zilizowafuatilia wagonjwa wa akili kwa muda mrefu. Waliona kuwa kati ya wagonjwa walioitwa wa hatari kubwa, takribani asilimia 5 tu ndio waliojiua katika kipindi cha wastani wa miaka mitano, na karibu nusu ya vifo vyote vilitokea kwa walioitwa wa hatari ndogo. Mwaka uliofuata, Joseph Franklin na wenzake walipitia tafiti 365 za miaka 50. Hitimisho lao lilikuwa zito: vihatarishi tulivyozoea kuvitaja, kimoja kimoja, hutabiri kwa kiwango kinachozidi kidogo tu kubahatisha, na miaka hiyo 50 haikuleta nafuu yoyote katika usahihi.

Chanzo chake ni hesabu. Kujiua, hata miongoni mwa wagonjwa wa akili, ni tukio la nadra, ilhali dalili tunazozihesabu zimeenea kila mahali. Sonona, ulevi, kufiwa, kukosa kazi, kuachwa na mwenza, maumivu ya muda mrefu: maelfu ya watu wanayo haya na hawatajiua. Ukiitafuta ishara ya kawaida ili ikuonyeshe tukio la nadra, utawatia watu wengi hofu bure na bado utawakosa wengi uliotaka kuwapata. Aidha, hamu ya kufa haitulii. Hupanda na kushuka ndani ya siku moja, wakati mwingine ndani ya saa moja, na alama iliyoandikwa Jumatatu asubuhi haijui kitakachotokea Jumanne usiku.

Kwa sababu hiyo taasisi ya Uingereza inayoandika miongozo ya tiba, NICE, iliwaambia wahudumu mwaka 2011, na ikasisitiza upya mwaka 2022, wasitumie vipimo vya alama kutabiri nani atajiua au nani atajidhuru tena, na wasivitumie kuamua nani apate huduma na nani arudishwe nyumbani. Mwongozo wa 2022 ulikataa pia kuwapanga watu katika makundi ya hatari ndogo, ya wastani na kubwa. Pamoja na hayo, orodha za kujaza alama bado zinafundishwa na kutumika sehemu nyingi, kwa kuwa fomu iliyojazwa humpa aliyeijaza utulivu wa moyo.

Wapo wanaotegemea kompyuta. Idara ya maveterani ya Marekani ilianzisha mwaka 2017 programu iitwayo REACH VET, inayochambua kumbukumbu za wagonjwa na kuwatoa wachache walio juu kabisa kwa hatari. Hata humo, wengi wanaotajwa hawafi kwa kujiua. Faida ya programu hiyo iko katika hatua inayofuata: mhudumu huangalia upya tiba ya yule mtu, kisha humtafuta na kumuuliza hali. Hatua hiyo ya kumtafuta inawezekana hata katika kliniki ambayo mafaili yake bado ni ya karatasi.

Mgonjwa anaposema "hapana"

Njia nyingine iliyozoeleka ni kumuuliza mgonjwa swali moja, "Unawaza kujiua?", kisha kuandika jibu. Mwaka 2003 Katie Busch, Jan Fawcett na Douglas Jacobs walichapisha uchunguzi wa mafaili ya watu 76 waliojiua wakiwa wamelazwa au mara tu baada ya kuruhusiwa. Asilimia 78 walikuwa wamekana mawazo ya kujiua katika mazungumzo yao ya mwisho yaliyoandikwa. Lakini idadi inayokaribiana na hiyo, asilimia 79, walikuwa na wasiwasi mkali au kutotulia katika wiki yao ya mwisho. Midomo ilikana, ila mwili ulikuwa ukionyesha: usingizi uliokatika, kutembea huku na huko, mikono isiyotulia, hofu isiyo na jina.

Mgonjwa hukana kwa sababu nyingi, na nyingi ni za haki. Anaogopa kufungiwa. Anaona aibu mbele ya ndugu. Dini yake imemfundisha kuwa hata kuliwaza jambo hilo ni dhambi. Na katika nchi zetu anaogopa polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya nayo ilikuwa hivyo kupitia kifungu cha 226 cha Kanuni yake ya Adhabu, mpaka tarehe 9 Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu alipotamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Kesi hiyo ilikuwa na mkono wa Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu na chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Kenya. Matokeo ya sheria ya namna hii yanaonekana mapokezi kabla ya wodini: ndugu anayemleta mgonjwa huandikisha kuwa ni ajali, mgonjwa mwenyewe huitikia, tumbo hutibiwa, na kilichompeleka huko hakiulizwi. Anarudi nyumbani na tatizo lilelile. Tathmini ya kweli haiwezekani pale ambapo kusema kweli ni kujishitaki.

Wahudumu nao wana hofu yao. Wengi wanadhani kuuliza waziwazi ni kumpandikizia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Tafiti zilizolichunguza jambo hili hazijaona hivyo, na mwongozo wa mhGAP wa Shirika la Afya Duniani, ulioandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, unawataka waulize bila kuzunguka. Mara nyingi anayeulizwa hupumua, kwa kuwa hatimaye amepata mtu wa kubeba naye mzigo.

Mazungumzo yenyewe

Kuuliza kuna utaratibu wake. Tuchukue mfano wa mkulima wa miaka 60 hivi aliyeletwa kituo cha afya na binti yake kwa kuwa hali chakula. Muuguzi kijana anamwomba binti asubiri nje kidogo, anavuta kiti, anaamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Usingizi ukoje siku hizi, mzee wangu?"

"Haupo. Nalala saa nne, ikifika saa nane niko macho."

"Ukiwa macho hiyo saa nane, mawazo yanakupeleka wapi?"

"Kwenye deni la pembejeo. Na kwa marehemu mama yao."

"Pole sana, mzee. Watu wengine wakifika hapo huona afadhali wasiamke kabisa. Na wewe huwa unafika huko?"

Mzee ananyamaza. Muuguzi naye ananyamaza, hajazi ule ukimya kwa maneno.

"Nafika."

"Umewahi kuwaza kuyakatisha maisha yako mwenyewe?"

"Juzi niliwaza. Dawa za shamba ziko pale pale stoo."

"Nini kilikuzuia?"

"Mjukuu aliamka, akaniita babu."

Maswali hayo yanachukua dakika chache. Yameanzia penye wepesi, kwenye usingizi ambao mtu yeyote anaweza kuuzungumzia, yakashuka hatua kwa hatua mpaka penye uzito. Swali gumu limetanguliwa na maneno yanayomwonyesha mzee kuwa hayuko peke yake na hatahukumiwa. Na kila jibu limefungua mlango wa kazi. Usingizi unatibika. Deni linazungumzika na familia au na ofisi ya ustawi wa jamii. Msiba unahitaji mtu wa kulia naye. Dawa za shamba zinaweza kutoka nyumbani leo hii. Mjukuu ni sababu ya kuishi, na mzee mwenyewe ndiye aliyeitaja. Kumwandikia mzee huyu "hatari ya wastani" ni kuyatupa yote hayo na kubaki na neno tupu.

Anthony Pisani na wenzake walipendekeza mwaka 2016 namna ya kuyapanga yanayopatikana katika mazungumzo ya aina hii. Wanauliza mambo manne: mtu huyu yukoje akilinganishwa na wengine wanaoletwa hapa, yukoje leo akilinganishwa na alivyokuwa yeye mwenyewe mwezi uliopita au alipokuwa vibaya zaidi, ana nini na ana nani wa kumshika, na ni mabadiliko gani yanayoonekana mbele ambayo yanaweza kumwangusha ghafla. Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi. Kwa mzee wetu, siku wadai watakapokuja, siku binti atakaporudi mjini, siku ya kumbukumbu ya marehemu mkewe: hizi zote zinajulikana mapema, na zinaweza kupangiwa mtu wa kuwa naye. Hapa kazi ya kutabiri mauti imeachwa, na kazi ya kuandaa ulinzi imeanza.

Kinachofuata baada ya kuuliza

Tathmini isiyozaa mpango ni takwimu tu. Barbara Stanley na Gregory Brown waliandaa mpango wa usalama unaoandikwa kwenye karatasi moja, kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe: dalili kwamba hali inaanza kuharibika, mambo anayoweza kufanya peke yake ili mawimbi yapite, watu na mahali pa kwenda kutuliza mawazo, watu anaoweza kuwaambia ukweli, wahudumu wa kuwaita, na namna ya kuondoa nyumbani vitu vya hatari. Mwaka 2018 walichapisha matokeo kutoka vyumba vya dharura vya hospitali za maveterani. Waliopewa mpango huo na kupigiwa simu baadaye, asilimia 3 walionyesha tabia ya kujiua katika miezi 6 iliyofuata, dhidi ya zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huu usichanganywe na ile desturi ya kumsainisha mgonjwa ahadi kwamba hatajiua. Ahadi hiyo haina ushahidi wa kumwokoa mtu, na inaweza kumfundisha mgonjwa kuficha.

Kuondoa vitu vya hatari ni tiba kamili. Msukumo wa kujiua mara nyingi hupita iwapo njia iliyowazwa haipo karibu, na wengi walionusurika hawafi kwa kujiua baadaye. Sri Lanka imeonyesha jambo hili kwa taifa zima: ilipopiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali, vifo vya kujiua vilishuka kwa takribani asilimia 70 kuanzia katikati ya miaka ya 1990. Muuguzi hawezi kupiga marufuku chochote. Anaweza kumuuliza binti wa mzee yule, baada ya mzee kuridhia, dawa za shamba ziko wapi na jirani gani au ghala gani la ushirika linaweza kuzihifadhi.

Halafu ipo siku ya kuruhusiwa. Ndugu hufurahi, wodi hupata kitanda, na mgonjwa huingia katika kipindi kibaya kuliko vyote. Uchambuzi wa tafiti 100 uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta kuwa kiwango cha kujiua baada ya kutoka hospitali ya akili ni watu 484 kwa kila 100,000 kwa mwaka, na kwa miezi 3 ya kwanza kinafika 1,132. Mtu anayetoka hospitali ya akili ya Mirembe, Dodoma, au ya Mathari, Nairobi, anaweza kusafiri mchana kutwa kurudi kwao, na huko kliniki ya akili ikawa haipo au iko mbali na nauli haipo. Namba ya simu iliyo kwenye faili huenda ni ya jirani. Kabla hajatoka ni lazima iulizwe namba ya pili, na ipatikane ruhusa yake ya nani aambiwe nini.

Ufuatiliaji huu hauhitaji mashine wala bingwa. Huko San Francisco, Jerome Motto aliwaandikia barua fupi, kwa miaka, wagonjwa walioruhusiwa ambao walikuwa wamekataa kuendelea na tiba. Barua zilisema tu kwamba wanakumbukwa na wanatakiwa heri. Matokeo aliyochapisha mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliopokea barua walijiua kwa kiwango cha chini katika miaka miwili ya kwanza kuliko ambao hawakuandikiwa. Shirika la Afya Duniani nalo lilifanya jaribio katika Brazili, India, Sri Lanka, Iran na China kwa watu 1,867 waliofika chumba cha dharura baada ya kujaribu kujiua. Takribani nusu walipata huduma ya kawaida. Wengine waliongezewa mazungumzo ya saa moja kabla ya kuruhusiwa, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa mara 9 katika miezi 18. Matokeo ya mwaka 2008: waliojiua katika kundi la kawaida ni asilimia 2.2, na katika kundi lililofuatiliwa ni asilimia 0.2. Hizo ni nchi ambazo hospitali zake zina foleni na uhaba kama zetu.

Hoja za upande wa pili

Hoja ya kwanza ni kwamba bila makundi ya hatari, wodi haitajua nani aangaliwe kwanza. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Kuna watu ambao hawawezi kurudi nyumbani leo: anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru, mwenye nia na mpango asiye na mtu wa kukaa naye, mlevi aliyejawa na ghadhabu ambaye bado hajalevuka. Hao walindwe sasa hivi, hata kwa kulazwa. Lakini uamuzi huo unatokana na mahitaji ya saa hii yanayoonekana kwa macho. Hautokani na kudai kwamba tunajua ya miaka mitano ijayo, na hauturuhusu kumnyima huduma yule ambaye hali yake si ya leo leo.

Hoja ya pili ni ya kujilinda. Mgonjwa akifa, familia na uongozi huuliza fomu iko wapi, na muuguzi aliyemwona mara ya mwisho hubeba lawama pamoja na huzuni yake mwenyewe. Kumbukumbu inayoeleza mgonjwa alisema nini, nani aliitwa, kitu gani kiliondolewa nyumbani na lini atapigiwa simu inamtetea mhudumu kuliko alama yoyote. Na uongozi unaochunguza kifo kwa nia ya kujifunza utapata ukweli mwingi kuliko unaotafuta wa kumtwika lawama.

Hoja ya tatu ni muda na watu. Foleni ya kliniki ni ndefu na mabingwa ni wachache. Hilo halina ubishi. Hata hivyo, kazi iliyoelezwa hapa inaweza kufanywa na wauguzi, matabibu na wahudumu wa afya ya jamii waliofundishwa vizuri na wanaosimamiwa. Inayobaki ni serikali kuwaajiri, kuwalipa na kuwapa muda wa maongezi pamoja na vocha ya simu.

Hukumu ya uchambuzi huu ni moja. Tathmini ya hatari ya kujiua inafaa pale inapotumika kumwelewa mtu na kumwandalia ulinzi, na haifai pale inapotumika kumbashiri. Wizara za afya ziondoe vipimo vya alama kwenye nafasi ya uamuzi na ziweke mpango wa usalama na simu ya ufuatiliaji kwenye kila ruhusa ya kutoka wodini. Mabunge yafute kosa la kujaribu kujiua. Wenye dhamana ya kilimo wazitoe sokoni sumu kali zaidi.

Na wewe unayesoma, ikiwa mwenzako anasema amechoka na maisha, muulize waziwazi kama anawaza kujiua, msikilize bila kumkemea, usimwache peke yake, ondoa karibu naye kitu anachoweza kujidhuru nacho, na mpeleke kituo cha afya kilicho karibu leo hii. Ikiwa anayewaza hivyo ni wewe, mwambie mtu mmoja unayemwamini kabla ya usiku kuingia, na umwombe akusindikize hospitali. Hali hiyo inatibika, na wengi waliowahi kuifikia wako hai.